Ngoma, Kinanda na Gitaa la Umeme: Habari za Vyombo vya Muziki Vilivyonunuliwa Handeni na Korogwe

Katika makala hii twataka kueleza jinsi watu wa Handeni na Korogwe walivyopata vyombo vya muziki vya kununuliwa, tangu santuri ya kuzungushwa kwa mkono hata gitaa la umeme na sabufa ya leo. Habari hizi ni za miaka kama mia moja. Twazieleza kwa kufuata majina ya vyombo, kwa kuwa majina huhifadhi mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Tena ndani ya majina hayo limo swali moja ambalo kila kizazi kimelijibu kwa njia yake, nalo ni hili: chombo cha muziki ni cha nani?

1. Ngoma

Wazigua wa Handeni wana ngoma yao iitwayo selo, na Wasambaa wana mdumange. Mgeni asikiapo neno ngoma hudhani ni ule mti uliochimbwa ndani ukawambwa ngozi, basi. Kwa wenyeji neno hili lina maana tatu pamoja: ni chombo, ni mchezo, tena ni mkutano wa watu. Mtu husema, "Ngoma yalia," akaeleweka. Husema, "Kesho kuna ngoma kwa fulani," akaeleweka vilevile, wala hakuna aulizaye kama kwa fulani kuna chombo kimoja au vitatu. Chombo hakikutengwa na watu wake.

Ngoma ilichongwa na fundi wa kijiji, na ngozi ilitoka zizini au porini. Kabla ya kupigwa ilipashwa moto hata ngozi ikakaza na sauti ikanyoka. Fundi alipewa haki yake, kuku au nafaka. Lakini kilicholipwa ni kazi ya mikono yake, haikuwa ruhusa ya kusikia. Mtunza ngoma naye alikuwako, walakini hakuweza kuifurahia peke yake ndani ya nyumba yake, kwa maana ngoma isiyo na waitikiaji na wachezaji si ngoma, ni kelele tu. Hapo ndipo tuanzie, kwa sababu kila chombo kilichokuja baadaye kilikuja na bei, na bei ikamtenga mwenye chombo na wenziwe.

2. Jina linalohama

Neno la pili ni kinanda. Kamusi za zamani hueleza kwamba kinanda ni chombo cha nyuzi, nacho kilikuwa ndugu wa gambusi la watu wa pwani. Lakini jina hili halikukaa mahali pamoja. Misheni ya UMCA ilipojenga vituo vyake Magila, Korogwe, Kideleko na Kwa Mkono, kanisani kikaletwa chombo cha kukanyagwa kwa miguu, chenye kutoa sauti kwa nguvu ya hewa, wala hakina hata uzi mmoja. Kikaitwa kinanda. Ilipokuja mashine ya kuimba kwa sahani na sindano, watu wakaiita kinanda cha santuri, kisha wakafupisha wakasema santuri. Na santuri, kwa asili yake, ni jina la chombo cha nyuzi cha Waajemi na Waarabu. Leo kijana akinunua chombo cha vitufe vyeusi na vyeupe cha kutumia umeme, nacho ni kinanda. Na huko Dar es Salaam ule muziki wa mchiriku, uliounganisha ngoma za Kizaramo na vinanda vidogo vya betri, una jina la pili, mnanda. Na sikio lasikia mara moja kwamba ni mtoto wa neno hilohilo.

Je, vyombo hivi vyote vina nini sawa hata viitwe jina moja? Umbo si moja, wala sauti si moja. Sisi twaona kwamba jambo lao moja ni hili: kinanda ni chombo apigacho mtu mmoja, wengine wakasikiliza. Ngoma huita watu waingie ndani yake. Kinanda huwaweka mbele yake.

Tuangalie na kitendo. Kiswahili husema kupiga ngoma, kupiga kinanda, kupiga gitaa, hata kupiga santuri. Mwenye santuri hakupiga kitu. Alizungusha mkono wa chuma na kuteremsha sindano, basi. Lakini lugha ilimpa heshima ya mpigaji, na yeye akaipokea. Ndiyo maana mwenye santuri alialikwa arusini kama aalikwavyo fundi wa ngoma.

3. Santuri na mshahara wa mkonge

Santuri haikuweza kuenea mpaka watu wapate fedha taslimu, na katika nchi hii fedha ilikuja kwa njia ya reli na mkonge. Miche ya kwanza ya mkonge iliingizwa pwani ya Pangani mwaka 1893, na mwaka huohuo Wadachi wakaanza kujenga reli kutoka Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Mashamba makubwa ya mkonge yakafuata reli, na watu wakaja kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena na wengine, kufanya kazi ya manamba. Mtu alipewa kipande, akahesabiwa siku 30 za kazi, kikijaa akapata mshahara. Handeni haikuwa na reli. Kitu cha dukani kiliteremshwa stesheni ya Korogwe, kisha kikapanda njia ya Handeni kwa miguu, kwa baiskeli au kwa lori. Kwa hiyo desturi za muziki wa kununua zilianza Korogwe, Handeni zikafika baadaye kidogo.

Mwaka 1928 mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, alisafiri na wenziwe hata Bombay, wakaimba mbele ya mashine za kampuni ya His Master's Voice. Sahani zao zilipouzwa Afrika Mashariki, watu walisikia Kiswahili chao wenyewe kikitoka katika sanduku. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliona jambo hilo kuwa kubwa hata akaandika wasifu wa mama huyo. Kampuni nyingine, kama Odeon na Columbia, zikaona kuna faida, nazo zikaja kutafuta waimbaji katika miaka michache iliyofuata. Kisha tangu mwaka 1933 zikaanza kutoka sahani za GV, zenye nyimbo nyingi za kisiwa cha Kuba, na kwa sahani hizo vijana wa Afrika Mashariki na wa Kongo wakajifunza rumba kabla hawajamwona Mkuba hata mmoja.

Baiskeli, cherehani na santuri vilikuwa mashahidi watatu kwamba mtu amefanya kazi akalipwa. Lakini tutazame desturi yake. Sahani ya zamani huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hauzidi dakika tatu na kitu. Sindano ya chuma huchakaa upesi, na mwenye kupenda sahani zake huibadili kila mara. Selo yaweza kukesha. Santuri hunyamaza kila baada ya dakika tatu ikangoja mkono wa mwenyewe. Hivyo kwa mara ya kwanza watu wetu waliununua muziki vipande vipande, kama mtu anunuavyo nguo kwa yadi. Na mwenye kuikata yadi ni mwenye santuri: yeye ndiye asemaye turudie, au basi, tumelala.

Walakini desturi haikushindwa mara moja. Santuri haikukaa chumbani. Iliwekwa barazani, na jirani alikuwa na haki ya kuja kusikiliza bila kualikwa, kama alivyokuwa na haki ya kuja ngomani. Mtu aliyeipiga ndani huku amefunga mlango aliitwa mchoyo, sawasawa na mtu alaye peke yake.

4. Gitaa, na sababu ya kuundwa vyama

Gitaa la kwanza kujulikana sana lilikuwa gitaa kavu. Wazee wengi waliita galatoni, na jina hilo latoka katika maandishi yaliyobandikwa juu yake, Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini. Asiyeweza kununua alijitengenezea: debe au galoni likawa tumbo, ubao ukawa shingo, na nyaya za breki ya baiskeli zikawa nyuzi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi huko Jadotville, katika Katanga, kijana aitwaye Mwenda wa Bayeke, ambaye wengi humwita Jean Bosco. Alipiga gitaa moja kavu kwa vidole viwili tu, na msikilizaji akadhani ni watu watatu. Sahani zake zilienea Afrika Mashariki, na kila mwenye galatoni akataka kupiga hivyo.

Gitaa la umeme ni jambo lingine, na yafaa kueleza linavyofanya kazi. Gitaa kavu lina tumbo lenye uwazi, na sauti hukua humo. Gitaa la umeme laweza kuwa ubao mtupu usio na tumbo. Chini ya nyuzi zake huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huzaa umeme mdogo sana katika ule waya. Umeme huo hupelekwa katika amplifaya, ukakuzwa, ukatokea katika spika kuwa sauti. Kwa hiyo nyuzi za utumbo au za nailoni hazifai, maana sumaku haizijui. Huko Marekani magitaa ya namna hii yalianza kuuzwa katika miaka ya 1930, nalo lile la Fender lenye kiwiliwili cha ubao mzima likatoka mwaka 1950. Kongo lililetwa mwaka 1953 na Mbelgiji Bill Alexandre, aliyekuja Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, na kutoka huko sauti yake ikavuka hata kwetu.

Basi, mtu mmoja aliyenunua galatoni alikuwa na muziki. Mtu mmoja aliyenunua gitaa la umeme alikuwa na ubao. Lilihitaji amplifaya, spika, kipaza sauti cha mwimbaji, gitaa la pili la ridhimu, gitaa la besi, ngoma za Kizungu, na umeme wenyewe. Bei ya vitu hivyo vyote ilimshinda mwenye mshahara wa mkonge, ikamshinda na mwalimu. Hapo watu wakarudi katika njia ya zamani, wakaunda chama. Njia hiyo haikuwa ngeni. Katika nyakati za Wadachi na za Waingereza vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa vimekwisha kuwafundisha watu kuchanga fedha, kuchagua viongozi na kuagiza matarumbeta.

Mji wa Tanga, ambao watu wa Korogwe waliufikia kwa treni, ukawa na bendi zilizosikika Afrika Mashariki nzima. Jamhuri Jazz Band ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo latukumbusha wale waliokuja kukata mkonge. Atomic Jazz Band nayo ilizaliwa katika miaka hiyohiyo. Ndugu wa familia ya Kinyonga, Wilson na George, walianzia Jamhuri, wakahamia Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971, wakiwa Kenya, wakawa Simba Wanyika. Wenye taarabu nao hawakubaki nyuma: Black Star Musical Club ya Tanga iliingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, na sauti ya Shakila ikapanda juu yake.

Sahani za bendi hizi zilifanyizwa Nairobi. Nyingi zilikuwa sahani ndogo za mizunguko 45, na wimbo mmoja ulikatwa mara mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, yaani pale magitaa yapigwapo kwa kasi na watu wakacheza. Yule aliyenunua sahani Korogwe alipaswa kuigeuza katikati ya furaha yake. Bado muziki uliuzwa kwa yadi.

5. Umeme uliopita juu

Jambo moja katika wilaya ya Korogwe lastahili kuandikwa. Maji ya mto Pangani yamezalisha umeme tangu miaka ya 1930, na mwaka 1964 kituo cha Hale, ndani ya wilaya hii yenyewe, kilianza kutoa megawati 21. Nyaya ziliondoka Hale zikapita juu ya mashamba na vijiji kwenda mijini na viwandani. Chini ya nyaya hizo watu waliendelea kuwasha vibatari. Gitaa la umeme liliweza kupigwa karibu na mahali umeme ulipozaliwa, lakini kwa jenereta au kwa betri ya gari.

Kwa sababu hiyo chombo kikuu cha nyumbani kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ndogo za betri kavu zilipokuja, mkulima wa Sindeni au Mkata aliweza kusikia bendi ya Tanga bila reli wala waya. Baada ya uhuru betri za National zilifanyizwa Dar es Salaam, na redio za Philips Arusha. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980 twakumbuka betri zilizopangwa juu ya bati zipate jua, ili zifufuke kwa taarifa ya habari na kipindi kimoja cha muziki. Twakumbuka na redio kaseti: utepe ulirudishwa nyuma kwa kuzungusha kalamu ya wino katika tundu lake, maana kuurudisha kwa mashine kulikula betri. Na redio nayo iliwekwa dirishani, ikitazama nje. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na ndipo vijiji vingi vya pande hizi vikaanza kupata waya zao.

6. Mwenye gitaa na mpiga gitaa

Twarudi katika swali letu. Baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa mali ya mashirika: chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi vilevile, na umoja wa vijana ukawa na Vijana Jazz mwaka 1971. Vyombo kutoka nje vilikuwa haba, na fedha za kigeni zilikuwa haba zaidi. Mpigaji alipewa mshahara na gitaa la kazi, kama dereva apewavyo gari. Siku aliyohama aliacha gitaa ukutani, akaondoka na vidole vyake tu. Nyimbo nazo, kwa sehemu kubwa, zilibaki katika maktaba ya redio.

Hatusemi kwamba mashirika yalifanya vibaya. Bila wao magitaa yasingalipatikana, na wapigaji wengi wasingalijulikana. Lakini matokeo yake ni kwamba watu waliozipiga nyimbo zipendwazo hata leo, wengi wao walizeeka bila chombo nyumbani. Mkulima mwenye redio alikuwa na muziki wao; wao wenyewe hawakuwa nao. Hapo yafaa tukumbuke galatoni ya nyaya za breki: sauti yake ilikuwa ndogo, lakini mwenyewe alijulikana.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na baada ya hapo vinanda vidogo, kaseti na spika vikaanza kujaa sokoni. Kwaya za kanisa, zilizokuwa zikiimba kwa kinanda cha kukanyagwa au bila chombo, zikachanga fedha zikanunua magitaa na vinanda vya umeme. Kwa hiyo vijana wengi wa vijijini walilishika gitaa la umeme mara ya kwanza kanisani, na lilikuwa mali ya kwaya, yaani mali ya chama tena.

7. Neno lililorudi

Leo nyumba nyingi za Korogwe mjini na Chanika zina sabufa, yaani spika kubwa ya sauti nzito pamoja na wadogo zake. Nyimbo hutoka katika simu. Na vijana wauitaje wimbo mmoja uliomo katika simu? Wauita ngoma. "Umeisikia ngoma mpya ya fulani?" Wala ndani yake huenda hakuna ngozi hata moja iliyopigwa. Hili si kosa la lugha. Jina limezunguka miaka mia, likapita kwa kinanda, santuri, redio na gitaa, likarudi mahali pake; na kijana, bila kufundishwa, amechagua lile neno ambalo ndani yake wamo watu. Ndiyo maana sabufa nayo haipigwi kwa ajili ya nyumba moja. Huelekezwa mlangoni, mtaa mzima usikie, utake usitake, na wazee wetu wangaliielewa desturi hiyo ingawa wasingaliipenda sauti.

Lakini neno kurudi si sawa na mambo kurudi. Wapo vijana wa Kizigua wajuao majina ya solo, ridhimu na besi, wasiojua hata jina moja la ngoma zipigwazo katika selo, wala ipi huanza na ipi hujibu. Bendi za Tanga zilirekodiwa, na nyimbo zao zasikika mpaka leo. Selo ya usiku mzima haiingii katika dakika tatu, na mwuza sahani hakuona njia ya kuikata kwa yadi. Sasa kipimo hicho kimekwisha: simu ya kawaida yaweza kupokea sauti ya saa nyingi. Kilichokuwa kikizuia ni mashine, na mashine haizuii tena.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wa Handeni, Kilindi na Korogwe mambo matatu. La kwanza, waandike majina ya ngoma kama wazee wayatamkavyo, kila jina pamoja na kazi yake na mti uliochongwa. La pili, warekodi mchezo wote tangu ngoma kupashwa moto hata watu kutawanyika, wasikate. La tatu, na hili ndilo kubwa, nakala moja ikae kijijini kwa wapigaji wenyewe, nao waambiwe ni yao. Wapigaji wa magitaa waliacha vyombo ukutani wakaondoka mikono mitupu. Wapigaji wa selo wasipatwe na hayo kwa sauti zao.